Dumu Lililomuua Bi Zuhura

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, na mimi pombe sijawahi kuonja. Kama huamini acha kusoma hapahapa, sibembelezi mtu.

Naendesha bodaboda kati ya Ruangwa mjini na Nkowe. Pamoja na abiria, nilikuwa namletea mafuta Chande, mwenye duka anayeuza kwa chupa mezani. Safari moja petroli, safari nyingine mafuta ya taa. Dumu lilikuwa hilohilo moja. Nilimwomba anunue la pili, akacheka. "We mwaga, kung'uta, tia. Wateja wangu hawana maabara." Basi nikawa namwaga, nakung'uta, natia. Siku moja nikawa na haraka, petroli kama nusu lita ikabaki chini, nikaongezea mafuta ya taa juu yake.

Wakaguzi wa serikali? Wiki hiyohiyo walikuwa wamepita sheli ya mjini ninakonunua. Wakapima, wakaangalia vinasaba, ile alama ya siri inayoonyesha kama mafuta yamechakachuliwa, wakakuta safi. Na kweli yalikuwa safi. Niliyeyachafua ni mimi, njiani. Lakini kwenye meza ya Chande hajafika mkaguzi hata mmoja tangu nizaliwe, kana kwamba anayenunua nusu lita si raia wa nchi hii. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Nusu lita ya mchanganyiko huo aliinunua Bi Zuhura, mama mtu mzima wa kijijini kwetu. Jioni akawasha kibatari apepete ufuta wake, kikamlipukia. Tulimzika Ijumaa.

Pale makaburini watu wakaanza kunong'ona. Ni Masanja huyo. Masanja ni mfugaji, alihamia kwetu na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, na ng'ombe hao walikuwa wameingia shamba la Bi Zuhura. Basi ikawa amemtupia moto wa uchawi. Vijana wakampa mpaka Jumatano awe ameondoka, la sivyo wanachoma boma lake. Mimi nilijua ni dumu. Nikanyamaza, tena nikaitikia dua kwa sauti kubwa.

Jumanne narudi kutoka mjini, mwanamke akanipungia mkono kwenye mikorosho. Kanga imemfunika uso. Nikasimama, akapanda, na pikipiki haikubonyea hata kidogo. Tulipoondoka nikasikia joto mgongoni, lile la kukaa karibu mno na jiko.

"Mwanangu," akasema, "dumu lako ndilo hili?"

Sauti ilikuwa ya Bi Zuhura. Niamini, sikuanguka kwa sababu mikono ilikuwa imekakamaa kwenye usukani.

"Ndilo, mama." Wewe ungejibu nini?

"Basi sema. Na Masanja tulishayamaliza. Aliniletea mbuzi, tukasameheana. Wanangu wanajua."

Akaniwekea kiganja mgongoni. Nilipiga kelele, nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu na shati langu linafuka moshi.

Ungedhani nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Thubutu. Nilikwenda kwa Chande, akaniambia tukisema tunafungwa wote wawili, nilale kwanza. Nikalala. Nikalala kama mjinga.

Asubuhi ya Jumatano nikashindwa kuvumilia. Nilikwenda ofisi ya kijiji na chupa ya mafuta yaliyobaki kwa Chande, nikasema yote mbele ya watu. Nikayamwaga kwenye mchanga, nikarusha njiti nikiwa mbali. Moto ukaruka kabla njiti haijagusa chini. Mafuta ya taa hayafanyi hivyo, kila mtu pale anajua. Kisha nikauliza habari ya mbuzi. Binti wa Bi Zuhura akainamisha kichwa.

"Yupo nyuma ya nyumba," akasema. "Mama alimpokea mwenyewe. Nyie mlikuwa na hasira, nikaogopa kusema."

Tulikimbia wote kwa Masanja. Vijana hawakusubiri kukuche. Boma lilikuwa jivu, na kwato za ng'ombe zimeelekea porini.

Nilijipeleka polisi mwenyewe, wakaandika maelezo yangu, mpaka leo sijaitwa. Chande amehamishia meza yake Ruponda, anauza. Mgongoni nina kovu la vidole vitano, na kila nikipita penye mafuta yaliyochanganywa linawaka upya. Kwenye barabara hii linawaka karibu kila siku. Nikisimama niwaambie wauzaji, wananitukana.

Kwa hiyo wewe unayenunua kwa chupa, uliza dumu lilibeba nini jana kabla hujawasha. Na wewe unayebeba, ukijua umekosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa usiku mmoja tu, na Masanja alikuwa na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Hakuna anayejua walifika wapi.