Maharagwe Yaliyobaki Winnipeg

Winnipeg wanasema nina hobi. Katibu wa bustani ya mtaa, mama wa Kizungu mwenye kofia ya majani, aliandika hivyo kwenye karatasi yake siku nilipoomba kipande cha kulima: jina, anwani, hobi. Mimi niliishia darasa la tatu, sikubishana na karatasi. Lakini hobi ni kitu ambacho mtu anaweza kukiacha. Mimi nina maharagwe.

Ni madogo, mekundu, yana mkanda mweupe kiunoni. Yalitoka Uvira, yakakaa nasi kambini upande wa Kigoma miaka kumi na moja, yakafika Kanada ndani ya soksi ya mtoto. Kila mwaka napanda, navuna, nakula machache, na ya mbegu nayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo linakaa friji. Ardhi ya Winnipeg inafunguka mwishoni mwa Mei, na Septemba baridi imerudi kuifunga. Ukichelewa wiki mbili, mwaka huo huna kitu. Na mbegu isiyopandwa inachoka, hata friji haiisaidii sana.

Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini mwaka ule wa ugonjwa wa korona nilikuwa sikaliki.

Nilikuja Sydney kumkanda binti yangu. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, dada hana, na mkwe wangu anafanya kazi ghalani kwa zamu zisizoeleweka. Nani angemchemshia maji? Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa mgongo na tumbo kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, hatoki nje kupigwa na upepo. Nilipanga hivi: arobaini ya mzazi, wiki moja ya kuzunguka mji, halafu ndege, nifike nyumbani udongo ukiwa umelainika. Nilimwambia hata kabla sijavua koti.

"Mwezi wa tano nina shamba."

"Mama, hata mtoto hajatoka."

"Atatoka. Mimi nakwambia tarehe yangu."

Mtoto akatoka, wa kike, mwenye sauti. Arobaini haijafika katikati, nchi nzima ikaingia ndani pamoja nasi. Mimi nimewafungia wanawake wengi ndani siku arobaini, na walipolalamika nikawaambia vumilia. Pale Merrylands, mtaa wa binti yangu, ghorofa ya pili, madirisha mawili na kibaraza cha kuanikia nepi, nikajua walichokuwa wakilalamikia.

Nilitembea. Kutoka jikoni hadi mlangoni ni hatua kumi na nne. Nilimbeba mtoto nikazipiga hatua hizo mpaka binti yangu akasema, "Mama, utatoboa kapeti." Nikatoka nikapanda ngazi na kushuka, barakoa puani, mkono mmoja kwenye reli ya chuma, kisha nikakumbuka watu wanasema usishike reli, nikarudi kunawa. Sanduku langu lilisimama nyuma ya mlango. Kila wiki nililifungua, nikakunja upya nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari, nikalifunga.

Mji niliuona kwa dirisha la treni mara mbili tu, tukienda Auburn kununua nyama. Kwa hiyo nilipotembea kwenye kapeti, kichwani nilitembea Winnipeg. Nilianzia kwenye kiwanda nilimoshona makoti miaka tisa, nikapita kituo cha basi chenye hita, ambapo watu husimama wakigusana mabega bila kusalimiana, nikangoja treni ya mizigo isiyoisha mkia, nikavuka barabara. Niliona magari ya Januari yamening'iniza waya wa umeme wa kupashia injini puani kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Nilifika bustanini, nikakuta pipa la maji, nikakuta kipande changu, hatua sita kwa nane, kitupu. Hapo nageuka, maana mlango umefika.

Ndege ya mwezi wa tano ikafutwa. Tukapewa nyingine, wiki mbili mbele. Binti yangu alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu huku ananyonyesha.

"Imekanselishwa tena, Mama."

"Waambie nina shamba."

"Nimwambie nani? Ni kompyuta."

"Kompyuta haina mkubwa wake?"

Akamhamishia mtoto titi la pili. Nilijua pia kwamba hakuwa na haraka ya kuniona naondoka. Kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na walikuwa wanamwita arudi. Sikumlaumu. Lakini mtu akikuhitaji haimaanishi miguu yako itatulia.

Kisha katibu mwenye kofia akatuma barua pepe kwa wote. Binti yangu alinisomea mara mbili, ya pili polepole. Watu wengi wamekwama mbali mwaka huu, kamati inawaonea huruma, lakini foleni ya wanaotaka kulima ni ndefu kuliko miaka yote. Kipande ambacho hakijapandwa kitu mpaka katikati ya Juni kitapewa mwingine.

"Si umpigie shangazi," binti yangu akasema.

Nilimtazama. Akarudi kwenye simu yake.

Sasa lazima niseme habari ya shangazi yake, yaani wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tuliishi jengo moja kule Winnipeg, yeye chini, mimi juu, kila mmoja ana ufunguo wa mwenzake. Miaka miwili kabla ya ugonjwa mume wake alifariki. Watu walijaa kwa matanga, wengine walitoka miji mingine kwa gari, theluji ikiwa magotini. Siku ya tatu chakula kilimwishia. Mimi nilikuwa nimekwenda kliniki kwa ajili ya presha. Akapanda juu, akafungua friji yangu, akakuta kopo, akachemsha maharagwe.

Niliporudi niliyaona kwenye sahani za watu. Mekundu, na ule mkanda bado unaonekana. Nilimwambia mbele ya waombolezaji: "Umefiwa na mume, sasa unataka na mimi nife njaa?" Nilisema na mengine. Watu wakaweka sahani chini. Mzee mmoja akanishika mkono akanitoa nje.

Ndani ya kopo zilikuwa zimebaki punje ishirini na tatu. Nilizipanda, nikaanza upya. Ufunguo wake nikaupitisha chini ya mlango wake, wa kwangu sikuudai, maana kuudai kungekuwa kusema naye. Tulipokutana kwenye lifti, mmoja wetu alichukua ngazi. Mimi na mguu huu nilichukua ngazi.

Ndiye alikuwa mtu pekee Winnipeg mwenye ufunguo wa nyumba yangu.

Siku nne nilitembea kwenye kapeti. Siku ya tano, saa tatu asubuhi, nilimpa binti yangu mtoto, nikachukua simu, nikatoka kibarazani kati ya nepi. Kwetu ilikuwa Jumanne asubuhi, kwao bado Jumatatu jioni na jua liko juu. Nilikuwa mbele yake karibu siku nzima, na bado nilikuwa nimechelewa.

Alipokea. Sura yake ikajaa kwenye kioo, pua kwanza.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, wifi. Hamjambo huko?"

"Miaka miwili sijambo. Sema."

Nikamweleza. Ndege, kamati, katikati ya Juni, kopo liko rafu ya chini nyuma ya siagi. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo unataka niingie nyumbani kwako, nifungue friji yako, nitoe maharagwe yako."

"Ndiyo."

"Kazi hiyo naijua. Niliwahi kuifanya."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha mlango, nikaona mabega yake yanacheka. Nikamgeuzia mgongo.

"Wifi, usinichezee. Ni mbegu za miaka arobaini."

"Arobaini zako. Mama yangu alikuwa nazo kabla hujatia mguu nyumbani kwetu. Wewe uliolewa ukazikuta kwenye kibuyu. Nani alikufundisha kuzipanda?"

Mama mkwe alinifundisha, mwaka wa kwanza wa ndoa, nimechuchumaa nyuma yake na tumbo kubwa, yeye anachimba, mimi nadondosha. Wifi alikuwa msichana wa shule, anatufuata na kufukia kwa kisigino. Miaka yote niliyoyaita maharagwe yangu, hilo nililijua. Sikuwa nimelisahau, nilikuwa nimeliweka mahali nisipopita.

"Nililisha watu waliokuja kumzika mume wangu," akasema, sauti imeshuka, "kwa maharagwe ya mama yangu. Na wewe ukanivua nguo mbele yao."

Mimi si mtu wa samahani. Watoto wangu watakwambia. Mume wangu nilikaa naye miaka thelathini na moja, nilimpikia alichopenda akajua nimejuta. Lakini kutoka Merrylands huwezi kumpikia mtu wa Winnipeg.

"Nilikukosea," nikasema.

"Sijasikia, mtandao unakatika."

Mtandao haukuwa unakatika.

"Nimesema nilikukosea, wifi. Mbele ya watu. Nisamehe."

Nikasikia anavuta kamasi. "Kesho nitakwenda," akasema. "Lakini usinifundishe."

Nilimfundisha. Ningeweza kufanya nini? Siku aliyopanda aliniita kwa video nione, na mimi nina utaratibu wangu: nafunga kamba kigingi hadi kigingi, mstari mmoja ulionyooka, kiganja kati ya punje na punje. Yeye alikuja na jembe la mkono na mfuko wa mahindi. Akainua matuta kama ya mama yake, mahindi katikati, maharagwe matatu matatu pembeni.

"Wifi, kamba iko kwenye kibanda."

"Kamba ya nini? Unatundika nguo?"

"Yatabanana."

"Yatashikana na mahindi, yapande juu. Wifi, mikono yangu ina udongo, simu naiweka chini."

Akailaza chini, kioo juu. Kwa nusu saa nzima nikaona mbingu ya Winnipeg na hakuna kingine. Nilisikia jembe, nilisikia anavyohema, mara moja nikamsikia anaimba kidogo na kuacha. Mtoto alikuwa begani kwangu. Sikutembea. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka akamaliza.

Yaliota. Yalipanda kwenye mahindi kama alivyosema, na kwa hilo sikumpa sifa, nilimwambia tu amwagilie asubuhi. Kabla ya baridi alivuna kopo moja limejaa na nusu ya jingine. Katibu akaandika kutaka kujua mwenye kipande ni nani sasa, maana kanuni inataka anayelima ndiye asaini. Binti yangu aliniuliza amjibu nini. Nilipiga zile hatua kumi na nne, nikaenda, nikarudi.

"Mwambie aandike jina la shangazi yako."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi niandikwe hobi."

Alicheka, mimi sikucheka. Nilikwenda kufungua sanduku, nikatoa viatu vyangu vya bustani, vile vya mpira, nikavipanga kibarazani. Sikujua kwa nini nilikuwa nimevileta.

Mwaka wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mitaa yetu ndiyo iliyobanwa zaidi, helikopta ya polisi ikawa inazunguka juu ya Merrylands na kipaza sauti, watu wa upande wa baharini wakipunga upepo. Binti yangu alikwenda kazini na karatasi ya ruhusa mkononi, mimi na mtoto tukabaki. Alijifunza kutembea kwenye kapeti ileile, na mahali pa kugeukia ni palepale, mlangoni. Wifi alipanda tena, bila kuniuliza kopo liko wapi. Viza yangu tuliiongeza. Nilikuwa bado nakunja nguo, ila si kila wiki.

Njia zilipofunguka ilikuwa Novemba. Binti yangu alipata tiketi ya Desemba. "Lakini Mama, kule ni theluji tupu. Hutalima kitu mpaka Mei. Kaa nasi kwanza."

Nikamwambia akate tiketi. Kisha nikampigia wifi.

"Nakuja mwezi wa kumi na mbili."

"Unakuja kulima barafu?" akasema. "Au unakuja kunikagua?"

"Nakuja kula. Pika maharagwe."

Nikadhani safari hii mtandao umekatika kweli.

"Yapi, wifi?" akauliza. "Ya sufuria au ya kopo?"

"Ufunguo unao," nikamwambia. "Angalia mwenyewe kopo lipi limejaa, uchote."