Mstari Alioruka Bi Rawya

Bi Rawya alizaliwa Lindi, akaja Oman akiwa msichana wa miaka ishirini, akasomesha skuli moja ya Ibra mpaka akastaafu. Babu yake alikuwa akida, msimamizi wa vijiji chini ya serikali ya Wajerumani. Nyumbani kwao hilo lilisemwa kwa fahari, ila hakuna aliyeeleza alifanya nini hasa.

Mwaka jana akaja mgeni, Profesa Lohmann. Zamani alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani, akaacha bunduki akashika makaratasi. Miaka thalathini sasa anachunguza vita vya jeshi lao Afrika Mashariki. Alileta nakala za barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaomba asomewe.

Azzan, mdogo wake Bi Rawya, alimvuta jikoni. "Dada, huyu mwanajeshi. Anatafuta nini kwetu? Jirani wakisikia, wallahi tutauficha wapi uso?"

"Ni barua tu," alijibu, akarudi kwa mgeni.

Katika barua ya tatu alikutana na jina la babu yake. "Tumetia moto maghala ishirini na mawili ya chakula cha kijiji," babu alimwandikia mkubwa wa boma la Wajerumani. Mstari uliofuata aliusoma kimoyomoyo tu. Akauruka, akasoma salamu za mwisho.

Profesa akaweka kalamu chini. "Bi Rawya, samahani. Umeruka mstari."

Khofu ikampanda mpaka utosini. "Kumbe unajua kusoma herufi hizi!"

"Najua. Nimejifunza kidogo kidogo."

"Basi umekuja kunitega?"

"La. Nimeandika vitabu vinne juu ya maafisa wetu waliotoa amri. Waliozitekeleza nawajua kwa majina tu. Nilitaka mtu wa ukoo wao anisomee kwa sauti. Ukikataa, nitakwenda zangu."

Azzan alikuwa mlangoni, akitikisa kichwa. Bi Rawya aliitazama ile karatasi kama anayetazama nyoka. Kisha akasoma: "Watu wamekimbilia porini. Watoto wanakufa kwa njaa. Nangojea amri."

Nje gari ya maji ilikuwa ikipiga honi.

"Wajukuu wa watu wa kijiji hicho," Bi Rawya akauliza, "umewatafuta?"

"Bado."

"Watafute. Ukiwapata, wape jina langu na namba yangu."

Azzan hakumsemesha kwa miezi miwili. Na hadi leo, simu ikilia kwa namba asiyoijua, Bi Rawya hushtuka, huiacha ilie mara tatu, ndipo anaipokea.