Bi Esha hatangazi asichokiona

Saa kumi na mbili asubuhi, Bi Esha Likwata hatulii. Anachungulia barabara ya Lindi kungoja lori la bidhaa, anarudi kwenye mlango wa duka la ushirika la kijiji, hapa Kiswere, anakaa juu ya debe lake, anainuka tena. Debe hilo ndilo chombo chake cha kazi. Akiligonga, kijiji kinajua kuna tangazo.

Kwa shilingi thelathini kwa mwezi, mama huyu wa miaka arobaini na mitatu hupita kila kitongoji akitangaza bidhaa zilizofika. Sauti Mungu alimpa. Aibu, anasema mwenyewe, alimnyima.

Mwezi uliopita alitangaza mafuta ya taa kwa sababu tu barua ilisema lori limeondoka Lindi. Kumbe lori limekwama mtoni. Akina mama walitembea saa mbili kutoka mashambani, chupa mkononi, wakakuta duka limefungwa. Tangu hapo akigonga debe, watu hawainui hata shingo.

“Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka,” anasema. “Siwalaumu. Niliwadanganya kwa mdomo huu huu.”

Inamuuma, tena sana. Viongozi wa ushirika wameshaonya: wanachama wasiporudi, duka litafungwa kabla ya Ramadhani, na kijiji kitabaki kungoja wachuuzi na bei zao.

Saa tatu lori linaingia. Bwana Salumu, mwenyekiti wa duka, hana subira.

“Nenda, ndugu Esha! Waambie mafuta na sabuni!”

Esha ameshapanda lori. Anagonga mapipa, moja baada ya jingine. Mawili yamejaa, la tatu tupu. Sabuni hakuna hata kipande.

“Sabuni itakuja kesho,” anasema Salumu.

“Basi kesho nitaitangaza.”

“Ukisema hakuna, unaliua duka!”

“Duka tuliliua siku ile tuliposema mafuta yapo, ndugu mwenyekiti.”

Anaondoka mbio mbio kabla hajakatazwa. “Mafuta ya taa yapo, mapipa mawili! Nimeyagonga mwenyewe! Chupa moja kila nyumba! Sabuni hakunaaa!”

Kitongoji cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu anamkuta Bibi Mwanaima, mmoja wa waliorudi na chupa tupu mwezi ule, akitwanga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Sabuni hakuna kweli?”

“Hakuna, bibi. Hata ya kunusa.”

Bibi anaegemeza mchi ukutani. Anaingia ndani na kutoka na chupa.

“Basi mafuta yapo,” anawaambia majirani. “Twendeni.”

Kufika adhuhuri, foleni imelizunguka duka. Salumu anapima mafuta, jasho linamtoka, wala hazungumzii sabuni tena. Lakini Esha roho haijatua. Pipa la pili linaelekea kwisha, na watu wa mashamba ya mbali ndiyo kwanza wako njiani. Anajitwisha debe akawarudishe.

“Waache wafike, wataona wenyewe,” Salumu anamwambia.

Esha hataki kusikia. Anasema ataomba kamati ya ushirika imruhusu kupita kila Ijumaa, bidhaa ziwepo zisiwepo.

“Nataka siku moja niwaambie watu hakuna kitu,” anasema, miguu ikiwa imeshashika njia, “na waniambie ahsante.”