Tundu Chini ya Ukuta wa Nyuma

Wiki jana, mvua ilipokolea, mpangaji wangu wa chumba cha mwisho alinijia mbio, suruali amekunja hadi magotini. "Shosh, maji imejaa kwa nyumba! Godoro inaelea!" Vyumba vyangu viko Kawangware, si mbali na steji ya 56, na nimevijenga mwenyewe, mimi mwanamke wa darasa la nne. Nikavaa gambuti, nikaenda. Nikaangalia chini ya ukuta wa nyuma, pale ninapoacha tundu la kutolea maji katika kila chumba. Limezibwa kwa simiti. Nikamwita kijana aliyepiga plasta mwezi uliopita.

"Mathe, hiyo si ilikuwa shimo ya panya?" akasema, kifua mbele. "Nilikuzibia bure."

Nikacheka mpaka akadhani nimepata wazimu. Maana hata mimi, rafiki yangu, niliwahi kuwa fundi wa namna hiyo.

Nyanya yangu alinilea Sarang'ombe, kule Kibera, miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru. Tulikaa chumba kimoja cha udongo na mabati, mahali pa mteremko. Nyanya alikuwa ametoka upande wa ziwa, akiuza mahindi ya kuchemsha, na chumba kile alikijenga kwa mikono yake. Kila mwaka alisema vilevile: "Ukuta huu ukianguka, sina nguvu ya kusimamisha mwingine. Tutarudi nyumbani." Mimi sikutaka kurudi. Nyumbani tulikuwa tumebakiza makaburi tu.

Kwa hivyo jua la Februari likianza kuuma, kabla ya mvua ndefu, tulikuwa na kazi. Vitu vyote nje! Kitanda kilimwagiwa maji ya moto kwenye viungo, kunguni wakafa tukiwaona. Sanduku la bati lilipandishwa juu ya matofali manne. Chumvi ilifungwa kwenye kitambaa ikaning'inizwa juu ya jiko, moshi uiweke kavu. "Kitu kikilala chini," nyanya alisema, "hicho ni cha maji."

Halafu paa. Ukitaka kujua bati linavuja wapi, usingoje mvua, utakuwa umechelewa. Sisi tulifunga mlango, ndani kukawa giza, na kila tundu la msumari likawaka kama nyota. Mimi nilisimama juu ya kitanda nikipenyeza unyasi katika kila nyota. Jirani yetu muuza makaa, aliyekuwa juu ya paa, akiona unyasi umechomoza, anapiga lami na kitambaa hapo hapo. Alikuwa na mdomo huyo! "Nyinyi huko chini," anapaza sauti, "hii ni paa ama chujio?"

Mwisho ndio ukuta. Udongo mwekundu, nyasi zilizokatwakatwa, na mavi ya ng'ombe, ambayo siku hizo hukuhitaji kwenda mbali kuyatafuta. Tuliukanyaga kwa miguu, tukaufunika gunia, ukalala siku mbili. Udongo ambao haujalala hupasuka. Harufu yake ningali nayo puani, na siichukii.

Mwaka ule nyanya aliumwa mkono, akaniachia ukuta wa nyuma nipake peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Chini kabisa, nyuma ya bati lililoegemezwa, nikakuta tundu la kuingia ngumi. Nikasema, ehee, kumbe panya wanaingilia hapa. Nikashindilia mawe, nikashindilia udongo, nikalainisha kwa jiwe la mtoni hadi ukang'aa. Bati nikalirudisha. Sikumwambia mtu. Nilitaka nyanya ajionee mwenyewe kwamba panya wamekwisha.

Mvua ilikuja mchana, nyanya akiwa sokoni. Maji yaliingia kwa mlango kama kila mwaka, lakini safari hii hayakutoka. Yakafika kwenye matofali ya sanduku. Nikayachota kwa sufuria, yakaongezeka. Chini ya ukuta udongo ukaanza kuwa mweusi, na donge la kwanza likaanguka: chubwi. Hapo ndipo nilipolia.

Nyanya akaingia, maji yakimchuruzika, beseni la mahindi kichwani. Hakuuliza maji yametoka wapi.

"Tundu liko wapi?"

"Nimeziba."

"Kwa udongo uliolala?"

"Siku mbili."

"Basi umeziba vizuri," akasema, akashika jembe.

Jembe likagonga mawe yangu, likarudi. Muuza makaa akaja na mtaimbo akicheka, "Mama, leo unabomoa nyumba yako mwenyewe?" Lakini alipouona ukuta aliacha kucheka. Alipiga mara tatu kutoka nje. Maji yakatoka kwa kishindo, na ndala yangu moja ikaenda nayo. Ukuta ukainama kidogo, ukasimama. Jirani akauegemeza kwa gogo, na tukaishi nao hivyo, umeinama, miaka mingi.

Nyanya hakunichapa. Alisubiri niache kulia, akasema, "Maji ni mgeni asiyepiga hodi. Kumzuia hutaweza. Mwachie pa kutokea." Tangu siku hiyo, kila Februari, ilikuwa kazi yangu kupitisha kijiti katika lile tundu na kumletea, akione kina tope, ajue kimetokea hadi nje.

Nyumba ile haipo. Muuza makaa hayupo, na ng'ombe wa kutoa mavi ya ukuta utamtoa wapi Kibera ya leo? Watu sasa wanapiga simiti kila mtu kwake, mlango umefungwa, hakuna wa kukutania kutoka juu ya paa. Sisikitiki sana. Simiti ni nzuri, nimeitolea jasho.

Yule kijana nilimpa mtaimbo, akatoboa mwenyewe. Maji yalipokwisha, nikamwambia apitishe kijiti aniletee. Akakileta, amekunja uso, haelewi. Nikakiangalia. Kilikuwa na tope.

"Sawa," nikamwambia. "Ulikuwa umeziba vizuri."