Masikio kwenye Msalaba

Juzi hapa Kiplombe niliona nguzo kuukuu ya ua imeota uyoga wa kahawia, laini, uliojikunja kama masikio. Nikasimama pale mpaka mtu wa boda boda niliyekuwa nimemwita akanipigia honi.

Masikio kama hayo yaliota kwenye msalaba wa kaburi la Mama nilipokuwa mtoto, nyuma ya nyumba yetu, kando ya mahindi. Baba aliuunda kwa mbao za paini, akaandika jina, Rosa, kwa rangi nyeusi. Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, na kila kitu kilinuka udongo na majani yaliyooza. Nilipoyaona, nilijua Mama ameanza kunisikia. Nikapiga magoti, nikamnong'oneza kwamba Baba hamalizi chakula, na kwamba viatu vyangu vinanibana.

Baba akanikuta. "We, unafanya nini hapo?"

"Naongea na Mama. Ameota masikio."

Hakunikemea. Alileta panga ayakwangue, lakini likazama kwenye mbao kama linakata avokado iliyoiva. Akaliacha hapo hapo, akaketi kwenye matope.

"Nilisema nitamjengea kwa simiti," alisema, ila si kwangu.

Leo najua uyoga huozesha mti kutoka ndani na kuurudisha udongoni. Bila huo, miti iliyokufa ingerundikana na udongo ungekosa chakula. Najua ni vizuri. Lakini masikio niliyoyapa siri zangu ndiyo yaliyokuwa yakila jina lake.