Wanja Kwenye Kidole cha Shabani

Udogoni mwangu pale Mtoni, hakuna kitu nilichokiogopa kama mumiani. Sie watoto tulizijua habari zake zote: anavaa koti jeupe, anakuja na gari, ananyonya watu damu na kuihifadhi kwenye sanduku la barafu. Nani alituambia, sikumbuki. Wakubwa nao walitutishia huyo huyo tukichelewa kurudi nyumbani magharibi, kwa hiyo msinicheke mie peke yangu.

Tuliishi na Shangazi Zuhura, dada yake baba. Mguu wake wa kulia ulisinyaa tangu utotoni, na akitembea alishika goti kwa mkono kila hatua. Mwenyewe alisema upepo ulimpitia: aliachwa kibarazani jua likizama, usiku akashikwa na homa, asubuhi mguu haukusimama tena. Ndiyo maana mdogo wangu Shabani, aliyekuwa na mwaka mmoja na ushee, alivalishwa hirizi, na kila magharibi shangazi alimwingiza ndani akamfukizia ubani. Shangazi alishona nguo kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na nje alikuwa hatoki. Watoto wa mtaani walimwiga anavyotembea. Na mie niliwahi kumwiga, Mungu anisamehe.

Basi ukaja mwaka wa matone ya polio. Gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza kila mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe shuleni akapewe matone, na akishapewa anapakwa wino kwenye ukucha wa kidole kidogo. Siku yenyewe mama aliwahi sokoni Tandika na vitumbua vyake, akaniachia Shabani nimpeleke. Nilikuwa na miaka tisa, na kumbeba mdogo wangu nilishazoea.

Nilifika hadi getini. Nikaona gari. Nikaona mtu wa koti jeupe. Akafunua sanduku, nikaona barafu. Sikungoja kuiona damu. Niligeuka na Shabani mgongoni nikatimua mbio, kandambili moja nikaiacha huko huko.

Tatizo likawa ukucha. Niliingia chumbani kwa mama, nikachukua wanja wake, nikampaka Shabani kidoleni vizuri kabisa, kisha nikampeleka kwa shangazi. Nilijiona mjanja kweli kweli. Shangazi alisimamisha cherehani, akakishika kile kidole, akakibusu. Alisema alhamdulillahi, na machozi yakamlengalenga. Moyo ulinisuta.

Alasiri akamwogesha Shabani, na wanja wote ukatoka, ukaishia kwenye maji. Shangazi aliyatazama yale maji, akanitazama mie.

"Mwajuma. Matone alipewa?"

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Nikamweleza habari ya mumiani na sanduku lake. Nilitegemea kofi, na wallahi lingekuwa haki yangu. Yeye alimfunga Shabani mgongoni kwa kanga, akaliacha gauni la mteja chini ya sindano, akatoka nje.

Sijawahi kuona mtu akiharakisha namna ile. Mkono gotini, vumbi miguuni, jasho linamtiririka. Watoto wakaanza kumfuata wakichechemea, naye hakugeuka hata mara moja. Mie nilikuwa nyuma yake nikitamani ardhi inimeze. Tulipofika walikuwa wanafunga sanduku.

"Bado mmoja," shangazi akasema, anahema juu juu.

Muuguzi aliutazama ule mguu, akalifungua tena sanduku. Matone mawili. Shabani alikunja uso, akalamba midomo, basi, kwisha. Damu haikutoka hata chembe. Shangazi akauliza kwa sauti ya chini kama na wakubwa wanapewa. Muuguzi akatikisa kichwa. Shangazi akashukuru, tukarudi taratibu, safari hii kanishika mkono. Njiani nikamuuliza kama hirizi ya Shabani sasa tuivue.

"Iache. Upepo ni ule ule. Ila hawa wenzetu wameijua njia unayopitia, wameiziba."

Leo Shabani ni baba wa watoto wawili na Jumapili humkosi uwanjani kwenye mpira. Nasikia ugonjwa wenyewe umebaki nchi chache tu duniani, unakaribia kuisha kabisa. Kila nikimwona anakimbia, namshukuru Mungu, nawashukuru wale wa makoti meupe niliowakimbia, na zaidi yao wote namshukuru shangazi, ambaye mguu wake haukupona lakini siku ile ulifika.

Matone bado hupitishwa mara moja moja, sasa wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Mara ya mwisho nilimpeleka kitinda mimba wangu kwa shangazi, akamwone. Kazeeka, macho hayaoni vizuri. Alikishika kidole cha mtoto, akalowesha dole gumba lake kwa mate, akausugua ukucha kwa nguvu huku akinitazama mie kwa pembeni. Wino haukutoka.

"Huu wa kweli," akasema, akakibusu.