Sabuni ya Majivu ya Maharage

Mama Masika alipika sabuni katika mtaa wa Majengo kwa miaka kumi na minane, na siku zote alipima kwa kopo la nyanya: makopo mengi ya mawese, machache ya soda kostiki. Mume wake, Papa Kambale, alifundisha kemia ya sekondari. Novemba ya mwaka 2008, watu waliokimbia vita walilala katika madarasa yake, naye akabaki nyumbani akimfundisha mke wake.

"Mafuta ni glycerine inayoshikwa na acyle tatu," alisema. "Kila acyle ni kaboni yenye mikono minne. Miwili imeshika oksijeni, mmoja unavuta mkia mrefu. Ule wa nne hauwezi kukaa bure, lazima ushike kitu."

"Acyle zako hazijanifulia hata soksi moja, Mwalimu. Koroga."

Nyumbani mwao aliishi pia Igiraneza, mama kijana aliyekimbia vita Kibumba akiwa na mtoto wake Luc, wa wiki tatu. Alifagia ua hata mahali palipokwisha kufagiwa. Akipewa chakula, alikula nusu. Siku moja alisema, "Mama, Jumamosi narudi kwetu. Hapa niko nakula bure."

"Na mutoto? Kule bado wanapigana!"

Igiraneza akachukua ufagio tena. Masika hakulala vizuri tangu siku ile.

Barabara zilikuwa zimefungwa na soda kostiki ilikwisha. Siku ya Alhamisi Masika aliinua bidoni yake ya mwisho ya mawese, akaifikiria, kisha akamwita mgeni wake.

"Kwenu mulikuwa munafua na nini?"

"Na majivu ya maganda ya maharage, Mama."

"Basi leo wewe ndiye mupishi."

Igiraneza aliokota maganda makavu yaliyotupwa sokoni, akayachoma, akachuja maji katika majivu yake mara nne. Kila mara aliweka kiazi kidogo ndani ya maji hayo. Mara tatu kilizama. Mara ya nne kilielea, alama kwamba maji yamekuwa makali ya kutosha, na kwa mara ya kwanza Masika alimwona anacheka. Wakamimina mawese, wakakoroga kwa zamu hadi alasiri.

Lakini sabuni haikuganda. Ilibaki laini kama uji. Igiraneza aliitazama kwa muda, akachukua kitenge, akamfunga Luc mgongoni.

"Nimeharibu mafuta yenu. Muniache niende leo."

Papa Kambale aliinama juu ya sufuria, akasugua tone moja kati ya vidole viwili ndani ya maji. Likatoa povu.

"Haukuharibu kitu, binti. Acyle zimeacha glycerine, sasa ziko pamoja na potasiamu ya majivu yako. Sabuni ya namna hiyo huwa laini. Mama, lete chumvi."

"Muzee, unataka kula sabuni?"

"Chumvi iko na sodiamu. Sodiamu ikichukua nafasi ya potasiamu, sabuni inakuwa ngumu. Lete, utaona."

Masika aliyeyusha chumvi katika maji ya moto, akamimina. Mabonge ya sabuni yalianza kupanda juu, moja moja, kisha mengi. Alimtazama mume wake kama siku alipokuja kumposa Butembo, akiwa na kalamu nne mfukoni.

Asubuhi Igiraneza alikandamiza sabuni kwa kidole gumba. Haikubonyea.

"Naweza kumuosha Luc?"

"Hapana! Ikiwa mbichi inachoma ngozi ya mutoto. Inangoja wiki sita."

"Wiki sita? Lakini kesho ni Jumamosi, Mama."

"Najua. Na maganda bado yako sokoni. Mimi niko mutu wa kopo, sijui mambo ya viazi. Nani atanipimia?"

Igiraneza alitazama njia, akatazama sabuni. Kisha akakifungua kitenge taratibu, akamweka Luc mikononi mwa Masika, akachukua kikapu cha maganda.

Mchana ule alikula sahani nzima.